Je, wajua kwa nini umeme wa nyumba ya mwisho huwa mdogo jioni tu?

Nilidhani umeme huchoka njiani: ukitoka kwenye transfoma unapungua nguzo kwa nguzo, na wa mwisho anaambulia makombo. Mjomba wangu kule Kongwa yuko kama kilomita moja kutoka transfoma, na saa mbili usiku balbu yake ya zamani hugeuka nyekundu kama kaa linalozimika. Ushahidi nikawa nao.

Kisha fundi akapima. Saa tano asubuhi, volti 227. Saa mbili usiku, 192. Nguzo zile zile, waya ule ule. Kama umbali ndio mlaji, mbona mchana hali?

Chukua bomba jembamba la maji ya kijiji. Koki zote zikifungwa, ya mwisho ina presha sawa na ya kwanza. Watu ishirini wakikinga ndoo kwa pamoja, ya mwisho inadondosha. Bomba halijatoboka popote. Ni maji yanayotembea ndiyo yanayosuguana nalo. Waya wa alumini wa milimita 50 za mraba una ukinzani (yaani msuguano wake kwa umeme) wa karibu omu 0.64 kwa kilomita, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 1.28. Volti ndiyo presha, ampia ndiyo maji yanayotembea: zikipita ampia 2, volti 2.6 tu zinapotea. Zikipita 30, zinapotea 38. (Hapo nimewaweka wateja wote mwisho wa laini; wakitawanyika njiani, hasara inapungua.)

Balbu ya zamani hapo hubaki na nusu ya mwanga wake hivi. Za LED nyingi hazishtuki, lakini mota ya mashine ya kusaga hubaki na asilimia 70 ya nguvu ya kuzungusha, huku ikiunguruma na kuchemka.

Na LUKU, mita ya kulipia kabla? Nilidhani inakata na hiyo hasara. Hapo pia nilikosea: kilichopotea kabla ya mita hulipii.

Dawa ni kusogeza laini ya kilovolti 33 na transfoma karibu na watu, maana kwa umeme ule ule, volti zikipanda mara 80, ampia hushuka mara 80. Ndiyo maana laini ya Iringa hadi Shinyanga, kupitia Dodoma na Singida, ilijengwa kwa kilovolti 400, kilomita 670 hivi.

Stabilaiza je? Inafanya kazi, ila hupandisha volti zako kwa kuvuta ampia zaidi kwenye waya ule ule, na jirani anazidi kufifia. Mjomba ameshanunua. Jirani ameanza kuulizia bei.