ADN peke yake haimalizake kesi ya mu nyumba

Kila mara bwana anashitakiwa kuua bibi yake, batu hapa Goma banasemaka balikuta ADN yake (alama ya mwili yenye kutambulisha mutu, inakuwaka mu damu na mu jasho) mu chumba, basi kesi imeisha. Hapana. Itakosaje kuwa pale na ni kwake, njo mwenye kulala mule, anatoka jasho, anajikata na kisu akimenya mihogo? Kipimo kinasema ADN ni ya nani, hakisemi iliachwa siku gani wala juu ya nini. Kwa mutu wa inje ni neno kubwa, kwa mutu wa nyumba ni kidogo, isipokua damu ya marehemu ikutwe ku nguo alikuwa anaficha, pale mambo inabadilika.

Simu nayo vilevile. Antene inaonyesha eneo, haionyeshi chumba, na batu ba Birere, hapa ku mupaka, banajua simu inakamataka rezo ya Gisenyi, kule Rwanda, wakati wewe uko unakula sombe kwako! Tena haisemi nani alikuwa ameishika. Saa ya mesaje inasaidia kama inapatana na bashahidi na raporo ya daktari.

Na mu 1986, kesi ya mauaji karibu na Leicester, Uingereza, ADN ilianza kwa kuokoa kijana mwenye alikuwa amekiri kuua, kumbe haikuwa yeye.

Juje anapima vyote pamoja, na Katiba ya Congo, kifungu cha 21, inamulazimisha kuandika sababu za hukumu, njo pale baavoka wengi wanalalaka mi naona. Mashaka ikibakia, inasaidia mushitakiwa.