Mpira mwekundu wa kivulini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mvua za masika zikianza, vichakani na kandokando ya mito ya magharibi mwa Kenya huchomoza shina tupu lenye kichwa cha duara, chekundu, chenye vijiua hata 200. Ua hili kitaalamu huitwa Scadoxus multiflorus. Wengi hulipanda wakalipoteza mwaka wa kwanza, na mara nyingi si kwa kulisahau bali kwa kulihudumia kupita kiasi.

"Majani yamekauka, basi mmea umekufa."

Hapa ndipo wengi huharibu. Mmea huu una msimu wa kulala: mvua zikikatika majani hugeuka manjano, huanguka, na tunguu, yaani sehemu nene ya chini inayofanana na kitunguu, hukaa kimya ardhini hadi mvua zirudi. Mwenye bustani akiona ukavu huongeza maji. Tunguu lisilo na majani haliyahitaji, udongo unabaki chepechepe na uozo unaanzia shingoni. Ukitilia shaka, fukua kidogo ubonyeze: lililo hai ni gumu, lililooza hubonyea na kunuka.

Majani yakianza manjano, punguza maji. Yakianguka, acha kabisa. Usiyakate yangali kijani, kwani ndiyo yanayoliwekea tunguu akiba ya ua la mwaka ujao. Chomeka kijiti mahali pake, maana jembe la Januari halijui kilichofukiwa. La kwenye chungu liweke chini ya paa, na uanze kumwagilia chipukizi likionekana. Huko Kakamega, ambako mvua hukawia kukatika, majani hudumu zaidi. Fuata majani, si kalenda.

"Ni la kivulini, liweke popote penye giza."

Linataka kivuli chepesi: jua la asubuhi hadi kama saa nne, kisha kivuli. Chini ya mwembe uliopunguzwa matawi ya chini litakaa vizuri. Chini ya mkaratusi litahangaika, kwa sababu mti huo hunyang'anya kila kitu maji. Majani marefu yaliyolegea bila ua ni dalili ya giza. Mabaka makavu ya kahawia mara nyingi ni kuungua kwa jua la mchana.

"Fukia chini sana lisichimbuliwe."

Shingo ya tunguu iwe sawa na uso wa udongo. Changanya sehemu 2 za udongo wa juu, 1 ya mboji ya majani na 1 ya mchanga wa mto. Chungu cha upana wa sentimita 20 hadi 25 kinatosha tunguu moja. Kwenye udongo mweusi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, unaonata mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, inua tuta la sentimita 30. Udongo wa volkano wa Nakuru una shida ya kinyume, maji hupita upesi, kwa hiyo ongeza mboji. Ukishapanda, liache palepale. Mizizi yake ni minene, na ikikatwakatwa mmea unaweza kuruka msimu mzima bila ua.

"Mbegu zikaushwe kwanza, kama za mahindi."

Zikikauka hufa. Tunda likiwa jekundu na laini, toa nyama yote, osha mbegu, kisha ibonyeze juu ya mchanga wenye mboji bila kuifukia. Ua la kwanza huchukua takriban miaka 3 hadi 5.

"Ni kitunguu pori tu."

Ni sumu, tunguu hasa. Lina kemikali za sumu ziitwazo alkaloidi, kama laikorini, na sehemu kadhaa za Afrika wawindaji wamelitumia kwenye sumu ya mishale. Vaa glavu unapoligawanya, na lisipandwe mbuzi wanapofika.

"La msituni halina mwenyewe."

Sheria ya misitu ya Kenya ya 2016 hairuhusu kutoa mimea katika msitu wa umma bila kibali. Omba matunda mekundu kwa jirani aliye nalo. Kichwa kimoja kilichochavushwa vizuri huwatosha watu kadhaa.