Kakwepesha macho, basi muongo? Dhana potofu kuhusu kusoma nia za watu

Dhana: mtu akidanganya utamjua tu, muangalie machoni.

Hapana jamani. Mwaka 2006 wanasaikolojia Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha tafiti kibao, zenye watu zaidi ya 24,000 waliopewa kazi ya kukisia nani anadanganya, wakakuta watu wanapatia kama asilimia 54 tu kujua nani mkweli nani muongo, yaani kurusha shilingi kungekupa 50, na hata wale ambao kazi yao ni kuhoji watu hawakuwazidi wengine. Kwetu hili la macho linaumiza zaidi maana mtoto tumemfundisha wenyewe kwamba mkubwa akiongea unaangalia chini ndo adabu, sasa simu ikipotea ndani anaitwa dada wa kazi, binti wa watu kainamisha kichwa anapikicha ncha ya khanga, basi kesi imeisha hapo, "si unaona anavyoogopa kuniangalia!" Anaogopa kweli, ila anaogopa kufukuzwa, na mwizi na asiye mwizi woga huo wanao wote. Mtu anapoteza kazi kwa ushahidi wa kope!

Dhana: mwenye usonji (autism) hajali wala haelewi hisia za wengine.

Hii ilishika mizizi baada ya jaribio la 1985 kule Uingereza, la wanasesere Sally na Anne: Sally anaficha gololi yake, anatoka, Anne anaihamisha, halafu Sally anarudi; watoto 16 kati ya 20 wenye usonji walikosea kukisia Sally angetafuta wapi gololi yake. Ila kukosea kukisia mwenzio anawaza nini na kutojali akiumia ni vitu viwili tofauti kabisa. Halafu mtafiti Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, akaandika 2012 kwamba kutoelewana huko kuna pande mbili, sisi tusio na usonji nasi hatuwasomi vizuri, ila lawama tunawatupia wao tu.

Dhana: jiweke kwenye nafasi yake utajua anachowaza.

Hii ndo inayotudanganya kwa upole. Watafiti Eyal, Steffel na Epley walifanya majaribio 25, wakatoa matokeo 2018: kujiweka kwenye nafasi ya mtu hakukuongeza usahihi, kama ni kitu kulipunguza kidogo, na wakati mwingine mtu akazidi kujiamini. Tiki za bluu zimeonekana, jibu hakuna, unajiuliza "ningekuwa mimi ningekaa kimya kwa nini?" na jibu unalopata ni la kwako wewe, sio lake, yeye labda yuko zamu ya usiku. Kwenye jaribio lao la mwisho, waliopewa nafasi ya kumuuliza mwenzao moja kwa moja ndo waliopatia zaidi.