Warumi 13 si fimbo ya mwenyekiti

Minada ya korosho ikianza, kutoka Newala hadi Nachingwea, jumuiya za kanisa hupanga michango. Muumini akiuliza matumizi ya mwaka jana, mwenyekiti humjibu kwa Warumi 13:1: hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Kijana aliyekaa nyuma anarusha Matendo 5:29: imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Wa tatu anahitimisha kwamba Biblia inajipinga. Haijipingi hapo, na nimechoka kulisikia neno hilo. Wote watatu wameshika mstari mmoja na kufunga kitabu.

Warumi ni jambo jepesi. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, si wa Paulo. Anza 12:17 usome moja kwa moja: msilipe ovu kwa ovu, msijilipizie kisasi. Halafu 13:4 inamtaja mtawala kuwa ndiye wa kumwadhibu mtenda mabaya, na 13:6-7 inaingia kwenye kodi na ushuru. Hakuna mstari hata mmoja unaomkataza muumini kuuliza hesabu. Petro naye alikatazwa kufundisha kwa jina la Yesu, akakataa, akachapwa (Matendo 5:40), hakurudisha ngumi, akaendelea kufundisha. Waraka wa kwanza wenye jina lake, 2:13, unaagiza utii kwa wenye mamlaka. Na Paulo, kule Filipi, alikataa kutolewa gerezani kimyakimya: mahakimu waliompiga hadharani bila kumhukumu waje wenyewe wamtoe (Matendo 16:37). Kumdai mkubwa afuate utaratibu wake mwenyewe si uasi.

Kwenye Samweli ndiko watu wanakoniudhi hasa. Wanasema 1 Samweli 8 inakataa wafalme, Kumbukumbu la Torati 17 inawaruhusu, basi tuchague moja. Zisome pamoja! Kumbukumbu 17:14-20 inaruhusu mfalme aliyefungwa mikono: asijiongezee farasi wala kuwarudisha watu Misri kwa ajili ya farasi, asijiongezee wake, asijilimbikizie fedha na dhahabu, ajiandikie nakala ya torati na kuisoma siku zote, moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. 1 Samweli 8:11-17 inamwonyesha mfalme asiyefungwa: atachukua wana kwa magari yake ya vita, binti wawe wapishi na waokaji, mashamba yaliyo bora, sehemu ya kumi ya nafaka, sehemu ya kumi ya kondoo. Mkulima wa Masasi anayeyajua makato ya korosho hahitaji tafsiri ya orodha hiyo.

Tena wazee wa Israeli waliomwomba nabii Samweli awape mfalme walikuwa na hoja. Wana wa Samweli, Yoeli na Abiya, aliowaweka mwenyewe kuwa waamuzi Beer-sheba, walikula rushwa (8:3). Kosa lao wazee lilikuwa kutaka mfalme kama mataifa yote, wakimweka Mungu kando. Hata hivyo 9:16 Mungu mwenyewe anamtuma Sauli, mfalme wao wa kwanza, awaokoe na Wafilisti, kwa kuwa kilio chao kimemfikia. Kisha fungua 1 Wafalme 10 na 11, habari za mfalme Sulemani: talanta 666 za dhahabu kwa mwaka, wapanda farasi 12,000, farasi kutoka Misri, wake 700 na masuria 300. Sulemani amevunja sharti baada ya sharti la Kumbukumbu 17, na mwandishi ameyahesabu. Maandiko yanaruhusu uongozi na yanamkagua kiongozi.

Lakini sitasema kila kitu kinaungana bila mshono. Katika 1 Samweli 8 hadi 12 nasikia sauti mbili: 9:1 hadi 10:16 inamfurahia Sauli, wakati sura ya 8, 10:17-27 na sura ya 12 zinanung'unika. Wasomi wengi wanaona masimulizi mawili yaliyounganishwa, nami nakubaliana nao. Gumu zaidi ni sura ya 15. Mstari wa 11 Mungu anajuta kumtawaza Sauli. Wa 29 unasema Mungu si mwanadamu hata ajute. Wa 35 unarudia kwamba alijuta. Jibu la kawaida, kwamba kujuta huku ni lugha ya kibinadamu tu, halinitoshi: mwandishi aliiona migongano hiyo ndani ya sura moja na akaiacha.

Na Warumi 13:3, kwamba watawala hawamtishi mtenda mema, imeandikwa na mtu aliyechapwa viboko Filipi kwa kutenda mema. Katekista akifika hapo asiharakishe kwenda kwenye kodi. Awape watu nafasi waulize, na mwenyekiti awepo.