Kasha dogo la kompyuta la bei kali: dhana potofu na ukweli wake

Kasha la lita 10 la alumini nene, lenye kingo zilizochongwa kwa mashine, huuzwa ghali kuliko kasha la bati lenye nafasi mara nne yake. Mnunuzi hulisifu siku ya kulifungua. Siku ya kufunga vifaa hukuta kebo haipiti, feni inapiga mluzi na skrubu ya mwisho haifikiki mpaka ung'oe ya kwanza. Hapo huanza mabishano: mmoja anasema ametapeliwa, mwingine anamjibu kuwa kasha ni zima, fundi ndiye hajui.

Mimi naona kasoro hizi zina vyanzo viwili. Nyingi zinatokana na udogo wenyewe, na hakuna pesa inayoweza kuziondoa. Chache zinatokana na uzembe wa mtengenezaji. Za kwanza unajifunza kuishi nazo, za pili hupaswi kuzivumilia hata siku moja, na dhana zilizozagaa huwafanya watu wavumilie zisizovumilika huku wakilalamikia zisizo na dawa.

“Bei ikiwa kubwa, kasoro hazipo”

Apple ilitoa Power Mac G4 Cube mwaka 2000, mchemraba usio na feni ambao hewa yake ya moto ilipanda yenyewe na kutokea juu. Ulipendeza macho, lakini wateja waliona mistari kwenye plastiki yake angavu wakadai ni nyufa. Kampuni ikajibu kuwa ni alama za kalibu. Kitufe cha kuwashia, kilichohitaji kuguswa tu, kililalamikiwa kwa kuitikia hata pasipo mtu kukusudia. Julai 2001 utengenezaji ukasitishwa. Mwaka 2013 kampuni hiyohiyo ikaleta Mac Pro yenye umbo la silinda, na 2017 wakuu wake wakakiri mbele ya waandishi wa habari kwamba umbo lile liliwabana: lilipangiwa kadi mbili za michoro za wastani, halikuweza kuhimili joto la kadi moja kubwa.

Sasa unalipia nini? Unalipia unene wa alumini, muda wa mashine na uchache wa oda. NCASE M1 na DAN A4-SFX, makasha mawili yanayotajwa sana na wapenzi wa kompyuta ndogo, yalianza kwa wanunuzi kuchangia fedha mtandaoni kabla kiwanda hakijawasha mashine. Oda ndogo haipati bei ya jumla. Nafasi haimo katika hesabu hiyo, maana ndiyo iliyopunguzwa makusudi.

“Alumini inapoza kompyuta”

Hili nalisikia hata kwa mafundi. Ni kweli alumini hupitisha joto vizuri, mara kadhaa kuliko chuma. Lakini kati ya prosesa na ukuta wa kasha kuna hewa, na hewa iliyotulia huzuia joto. Ukuta husaidia pale tu kifaa kinapougusa, kama ilivyo kwenye makasha yasiyo na feni ambamo mirija ya shaba hutoka kwenye prosesa hadi ubavuni penye mapezi. Kwenye kasha lenye feni, kazi hufanywa na matundu. Kwa hiyo bati jembamba lenye matundu tele litaishinda alumini nene iliyozibwa kwa kioo, na ukuta unaochoma mkono hauthibitishi kwamba unapoza. Mara nyingi ni kadi ya michoro iliyo milimita chache nyuma yake.

“Kasha dogo ni tanuri, vifaa vitaungua”

Hawa nao wamekwenda upande wa pili. Joto huongezeka ndani ya kasha dogo, hilo halina ubishi. Lakini namba kubwa kwenye skrini si ajali. Prosesa nyingi za Ryzen 7000 za kampuni ya AMD ziliundwa kufanya kazi hadi nyuzi 95, na AMD ilieleza wazi kuwa kufika hapo chini ya mzigo mzito ni kawaida yake. Zikizidi hapo hujipunguzia kasi zenyewe, na zikizidi sana hujizima. Kinachokuathiri kwanza ni kelele na kasi iliyopungua; kuungua kuko mbali.

Dawa iliyo karibu zaidi wengi huiruka kwa sababu haiuzwi dukani: kupunguza umeme. Prosesa na kadi za leo hutoka kiwandani zikiwa zimesukumwa hadi mwisho wa uwezo wao, na wati za mwisho huongeza joto jingi kwa kasi kidogo. Ukiishushia kadi kubwa kiwango cha umeme kwa robo hivi, kasi inayopotea mara nyingi haifiki sehemu moja ya kumi. Ubao mama wa Ryzen una mpangilio wa Eco kwenye BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka), unaoweza kuishusha prosesa hadi daraja la wati 65. Ningeanza hapo kabla ya kununua feni yoyote.

Kisha ujue adui yako ni nani. Endesha mchezo mzito au kazi nzito kwa nusu saa, andika joto, halafu toa bamba la ubavuni urudie. Joto likishuka sana, bamba linaziba hewa. Likibaki palepale, kipoza joto ndicho kidogo, au gundi yake ya joto imepakwa vibaya, na hata ukitoboa kasha zima hutapata nafuu. Watu huhama kasha moja ghali kwenda jingine bila kufanya jaribio hili lisilo na gharama.

Mluzi nao una sababu yake. Feni inayovuta hewa ikiwa imebanwa moja kwa moja kwenye bamba la matundu, mapanga yake hupita kwenye mawimbi ya hewa iliyokatwa na kingo za matundu hayo, ndiyo unasikia sauti nyembamba inayopanda na kushuka. Feni ni nzima. Isogeze nyuma kwa fremu ya mpira au plastiki ya milimita 5 na sauti hupungua mno. Kama milimita 5 hazipo, na mara nyingi hazipo, badilisha mpango wa mzunguko kwenye BIOS ili feni isipande na kushuka kila sekunde. Sikio huzoea mvumo usiobadilika.

Sehemu inayosahaulika ni SSD, yaani hifadhi ya data, iliyochomekwa nyuma ya ubao mama. Huko hakuna upepo kabisa. Pedi ya kuhamisha joto kati yake na bamba la kasha humsaidia mwenye kasha la aina hii, na hapa kwa mara ya kwanza ile alumini uliyoilipia inafanya kazi.

“Vipimo vikikubaliana, kifaa kitaingia”

Karatasini kila kitu kinaeleweka. Ubao mama mdogo wa Mini-ITX, ulioletwa na kampuni ya VIA mwaka 2001, ni milimita 170 kwa 170, ilhali ule wa kawaida wa ATX ni 305 kwa 244. Pawa saplai ndogo ya kipimo cha SFX ni 125 kwa 100 kwa 63.5, na SFX-L huurefusha ule upande wa 100 hadi 130. Kipoza joto kama Noctua NH-L9 kina kimo cha milimita 37. Unajumlisha, unaona panatosha, unaagiza.

Karatasi haisemi kebo zinapita wapi. Milimita 30 za SFX-L ndizo zilizokuwa njia ya kebo. Urefu wa kadi unaotangazwa hauhesabu plagi inayochomoza, na plagi hiyo si jambo dogo. Kwa 12VHPWR, kiunganishi cha umeme cha kadi kubwa za michoro, watengenezaji hushauri kebo iende wima kama milimita 35 kabla ya kukunjwa. Mwaka 2022 baadhi ya viunganishi vya RTX 4090, kadi ya NVIDIA, viliyeyuka, na NVIDIA ikasema katika kesi ilizochunguza tatizo lililojirudia ni plagi kutochomekwa hadi mwisho. Mwaka uliofuata kiunganishi kikarekebishwa, kikaitwa 12V-2x6, ambamo pini za kuhisi kama plagi imeingia zilifupishwa ili kadi isipate umeme wake kamili plagi ikiwa imekaa nusu. Adapta za kona za kampuni ya CableMod, zilizoonekana kama mkombozi wa makasha membamba, nazo ziliondolewa sokoni baada ya baadhi kupata moto kupita kiasi. Kwa hiyo bamba la ubavuni likikataa kufunga kwa sababu ya kebo hiyo, usilisukume kwa goti. Tafuta kadi nyembamba zaidi au kebo laini zaidi.

Mengi mengine ni suala la utaratibu. Plagi ya pini 8 ya prosesa hukaa kwenye kona ambayo pawa saplai ikishaingia kidole hakifiki; ichomeke mapema, kipoza joto kikiwa bado mezani. Kebo ngumu ya USB-C ya mbele ielekezwe kabla kadi haijaingia. Ukipoza kwa maji na rejeta, iangalie pampu: isiwe ndiyo sehemu ya juu kabisa ya mzunguko wa maji, maana hewa hukusanyika juu. Na kubali kwamba kubadilisha kumbukumbu tu kunaweza kukulazimu kutoa nusu ya vifaa. Hiyo haina dawa.

Kosa moja hapa ni la hatari. Kebo za kawaida zikionekana ndefu, watu huazima fupi kutoka pawa saplai nyingine wakidhani ni zilezile. Upande wa vifaa umesanifishwa, upande wa pawa saplai haukusanifishwa. Plagi inaingia vizuri kabisa, pini zikiwa zimepangwa tofauti, na ukiwasha unapeleka volti 12 mahali pa 5. Nunua kebo zilizotengenezwa kwa ajili ya modeli yako hasa.

“Skrini ikizima ghafla, kadi imekufa”

Makasha mengi ya aina hii huweka kadi mgongoni mwa ubao mama na kuviunganisha kwa kebo ya raiza. Raiza iliyotengenezwa kwa PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya data kati ya kadi na ubao, na namba ni kizazi chake) ikifungwa na kadi na ubao wa 4.0, vifaa hukubaliana kasi ambayo kebo haiimudu: skrini nyeusi, mchezo kukatika, au kompyuta kutowaka kabisa. Ingia BIOS, weka nafasi ya kadi kwenye Gen3, ujaribu tena. Ikiwa picha haitoki, chomeka kadi moja kwa moja kwenye ubao kwanza. Kwa michezo mingi tofauti ya kasi kati ya 3.0 na 4.0 ni ndogo, mradi kadi yako inatumia njia zote 16 za data.

“Alumini haiharibiki”

Tabaka la rangi lililotiwa kwa umeme ni gumu lakini jembamba, na likichunika rangi ya kawaida hailingani nalo. Chini yake alumini ni laini. Skrubu za kompyuta zina namna mbili zinazofanana kwa macho: M3 na 6-32, hii ya pili ikiwa nene kidogo na meno yake yakiwa mapana. Ukiilazimisha 6-32 kwenye tundu la M3, tundu limeliwa meno. Anza kila skrubu kwa vidole; ikikataa raundi mbili za mwanzo, siyo yake.

“Ukishanunua, vumilia yote”

Kuna wanaohisi kasha likiwatekenya vidole wakadhani limepasuka waya ndani. Mara nyingi kasha halina kosa: soketi haina waya wa ardhi, na ule umeme mdogo sana unaopita kwenye vichujio vya pawa saplai unakosa pa kwenda, ukabaki kwenye mwili wa chuma. Hilo la kurekebisha ni la ukutani, na lirekebishwe.

Lakini kasha lenyewe pia huweza kuwa na kosa. Kampuni ya NZXT ilitoa H1 mwaka 2020, kasha dogo la wima lililosifiwa kwa kuja na pawa saplai na kipoza joto ndani. Skrubu mbili zilizoshikilia raiza zingeweza kugusa njia ya umeme ndani ya bodi yake na kusababisha shoti. Kampuni ilianza kwa kutuma skrubu za nailoni, ambazo ziliacha ubovu wa raiza yenyewe palepale. Februari 2021 yakatangazwa marejesho rasmi kwa sababu ya hatari ya moto, takriban makasha 32,000 kwa Marekani peke yake, na wamiliki wakapewa raiza mpya. Ukikuta H1 ya toleo hilo la mtumba, muulize muuzaji kama raiza ilibadilishwa. Kama hajui, chukulia haikubadilishwa na usiiwashe.