Momenti ya kupinda na ya kusokota: jinsi ya kuipakia kwenye modeli ya shafti

Chukua shafti ya chuma isiyo na tundu, kipenyo mm 40, urefu mm 400. Ncha moja imeshikwa. Nyingine inapokea msokoto wa N·m 500 pamoja na momenti ya kupinda ya N·m 300. Kazi yaonekana nyepesi, lakini modeli nyingi za elementi finyu (umbo lililogawanywa vipande vidogo ili programu ipate mkazo) huharibika hapa kabla programu haijaanza kukokotoa.

Vipande hivyo ndivyo elementi, na pointi zinazoviunganisha ni nodi. Nodi za elementi za ujazo hazijui kuzunguka. Kila moja husogea kwa X, Y na Z, basi. Ukibandika momenti juu ya nodi kama hiyo, programu itakataa au itaipuuza, nawe utaletewa mkazo sifuri. Elementi za boriti na za maganda ndizo zenye mizunguko, mielekeo namba 4, 5 na 6 baada ya X, Y na Z.

Kwa hiyo weka nodi ya rejea katikati ya uso wa ncha, uifunge na nodi zote za uso huo, na momenti iingilie hapo. Katika CalculiX, programu huria ya hesabu hizi, amri ya `*RIGID BODY` inataka nodi mbili, `REF NODE` (ya kusogea) na `ROT NODE` (ya kuzunguka); momenti huandikwa kwenye ile ya pili, mwelekeo 1 hadi 3, yaani kuzunguka X, Y na Z. Shafti ikilala kwenye X na `ROT NODE` ikiwa 99, mzigo huandikwa nodi, mwelekeo, thamani:

`*CLOAD`
`99, 1, 500000`
`99, 2, 300000`

Zihesabu sifuri hizo. Modeli ya milimita inataka N·mm. Ukiandika 500, mkazo unapungua mara 1,000 na picha ya rangi inabaki nzuri vilevile.

Aina ya kifungo kati ya nodi ya rejea na uso ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kifungo kigumu, kama `*RIGID BODY`, huufanya uso mzima ubaki bapa na duara lisibanike wala kutanuka. Kinafaa pale penye flanji nene kweli. Kwingineko mkazo wa jirani yake ni wa uongo, usiusome mpaka umbali wa kama kipenyo kimoja. Kifungo cha kugawa hugeuza momenti kuwa nguvu ndogondogo kwenye nodi na kuuacha uso ujikunje utakavyo. Mimi huanza na hiki.

Ukilazimisha pembe badala ya momenti, washa hesabu ya mageuzi makubwa. Hesabu ya mstari husogeza nodi kwenye tanjiti: kwa nyuzi 30 uso uliofungwa unavimba karibu asilimia 13.

Meshi, yaani mgawanyo wa umbo kuwa elementi, nayo. `C3D8` (tofali la nodi 8) hukakamaa ikipindwa, na `C3D4` (piramidi ya pembetatu ya nodi 4) ni mbaya zaidi. Tumia `C3D20R` au `C3D10`, tofali la nodi 20 au piramidi ya nodi 10. Elementi zenye kingo nyoofu hugeuza duara kuwa pembe nyingi: vipande 12 vinapoteza takriban asilimia 9 ya momenti ya pili ya eneo kuzunguka kitovu, 24 vinapoteza 2.

Sasa pima kwa mkono, katikati ya urefu. T ikiwa msokoto, M momenti ya kupinda na d kipenyo, 16T/πd³ inatoa MPa 39.8 za kukata. 32M/πd³ inatoa MPa 47.7 za kupinda. Mkazo wa Von Mises, unaounganisha hiyo miwili kuwa mmoja, ni MPa 83.8. Kwa E (moduli ya Young, ugumu wa chuma) ya MPa 210,000 na uwiano wa Poisson 0.3, ncha inazunguka nyuzi 0.56 na kusogea mm 0.91. Tofauti ikizidi asilimia 2 au 3, rudi kwenye kifungo na meshi.

Ncha iliyoshikwa nayo ifunge kwenye nodi ya rejea. Nodi za ujazo zilizozuiwa moja moja zinarudisha nguvu tu, na momenti unayotaka kuilinganisha na 500,000 hutaiona popote.