Raba endelevu ni zipi, na utazitambuaje?

Raba endelevu ni ile ambayo madhara yake kwa mazingira na kwa watu wanaoitengeneza yamepunguzwa, kuanzia malighafi inakotoka hadi siku inapotupwa. Yamepunguzwa, hayajaisha. Raba isiyo na madhara yoyote haipo, na anayekuuzia kwa maneno hayo anakuuzia maneno. Kwa hiyo dhana hii ni ya kulinganisha: pea hii ukiiweka kando ya ile, ipi inaumiza kidogo?

Wengi wakisikia raba endelevu hufikiria malighafi kwanza. Kiatu cha chupa za plastiki, cha maganda ya tufaha, cha majani ya nanasi. Ndicho wauzaji wanachopenda kuonyesha, maana kinapendeza kwenye picha. Hesabu yenyewe, hata hivyo, inaangukia kwingine.

Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichambua raba ya kukimbilia ya kawaida, ya kitambaa na plastiki. Walikuta kwamba pea moja inasababisha takriban kilo 14 za hewa ukaa, na zaidi ya theluthi mbili yake inatoka kiwandani. Meli inayoisafirisha ina sehemu ndogo tu. Raba ile ilikuwa na vipande 65 na ilipitia hatua zaidi ya 360: kukata, kushona, kumimina plastiki kwenye kalibu, kuumua sponji, kupaka gundi, kukandamiza. Kila kidude kidogo kinachopamba ubavu wa kiatu kina mashine yake, na mashine hizo mara nyingi zinaendeshwa kwa umeme wa makaa ya mawe.

Ukishalijua hilo, macho yako dukani yanabadilika. Raba yenye vipande vichache, isiyo na mapambo ya kubandikwa, huwa imeanza vizuri hata kabla hujauliza imetengenezwa kwa nini. Raba za turubai zenye soli ya mpira, kama Converse All Star iliyokuwepo tangu 1917, ni za muundo huo sahili. Mwaka 2021 Adidas na Allbirds, wapinzani sokoni, walishirikiana kutengeneza raba ya kukimbilia yenye kilo 2.94 tu za hewa ukaa kwa pea. Zilitoka chache, lakini zilionyesha kwamba kilo 14 hazikuandikwa kwenye jiwe.

Tukirudi kwenye malighafi, anza na soli, kwa sababu ndiyo yenye uzito. Sponji nyeupe iliyo katikati ya soli kwa kawaida ni plastiki iitwayo EVA, inayotokana na mafuta ya petroli. Ni nyepesi, inabonyea vizuri, na haiozi. Kampuni ya Braskem ya Brazil hutengeneza EVA kwa kutumia miwa, na Allbirds walianza kuitumia mwaka 2018. Ni hatua nzuri, ila tuelewane: bado ni EVA. Kilichobadilika ni chanzo chake, kwani muwa ulivuta hewa ukaa ulipokuwa ukikua. Ikifika jalalani, sponji ya muwa na ya petroli ni ndugu moja.

Mpira wa asili nao una mambo yake. Utomvu ukitoka mtini huchanganywa na salfa na kupikwa ili uwe imara, njia ambayo Charles Goodyear aliipatia hataza Marekani mwaka 1844. Uimara huohuo ndio unaofanya mpira usiyeyushike tena kirahisi ukatengenezwa kitu kipya. Swali la maana zaidi kwa mpira wa asili ni shamba lake. Kuna mpira wa mashamba yaliyopandwa mahali palipokuwa na msitu, na kuna mpira unaogemwa kwenye miti iliyojiotea ndani ya msitu wenyewe. Veja, kampuni ya Kifaransa inayoshonesha viatu vyake Brazil, hununua mpira wa aina hiyo ya pili kutoka jimbo la Acre, ndani ya Amazon. Acre ndiko alikouawa Chico Mendes mwaka 1988, mgema mpira aliyeongoza wenzake kuzuia msitu usikatwe kwa ajili ya ng'ombe. Mgema akilipwa vizuri, msitu uliosimama unakuwa na thamani kwa wanaoishi ndani yake, na huo ni ulinzi ambao doria peke yake haiwezi kuuleta.

Ngozi ni kesi ngumu. Inadumu, inatengenezeka, inapendeza ikizeeka. Lakini ng'ombe hutoa methani, malisho yao yamekula misitu, na ngozi nyingi hulainishwa kwa kemikali za kromu ambazo maji machafu yake yasiposafishwa huua mito. Basi watu hukimbilia raba zisizo na kitu cha mnyama. Nyingi kati ya hizo ni plastiki tupu, poliyurethani au PVC. Hata "ngozi" za mimea huwa ni mchanganyiko. Piñatex, iliyobuniwa na Carmen Hijosa kutokana na nyuzi za majani ya nanasi, ina plastiki ya mimea ndani yake na utando wa kinga juu yake. Alama ya kutokuwa na mnyama inakuambia kuhusu mnyama. Kuhusu mto, msitu na hewa haisemi kitu.

Poliesta ya chupa, yaani kitambaa cha plastiki ya chupa zilizotumika, inanishawishi kidogo kuliko inavyowashawishi wengine. Ni kweli inaokoa petroli mpya. Ila chupa ingeweza kurudi kuwa chupa tena, wakati kitambaa kilichogandishwa kwa gundi kwenye sponji na mpira kimefika mwisho wa safari.

Gundi ndiyo inayoamua kiatu kitaishi muda gani, na sijui kwa nini haizungumzwi. Soli iliyobandikwa tu, ikiachia, watu wengi hutupa kiatu kizima. Iliyobandikwa na pia kushonwa kuzunguka ukingo humpa fundi viatu mahali pa kushika. Angalia kwa makini, kwa sababu baadhi ya soli zina mishono ya uongo iliyochongwa kwenye kalibu. Pitisha ukucha: uzi utausikia, plastiki utaijua. Pea ya kilo 14 ukiivaa mwaka mmoja ni kilo 14 kwa mwaka; ukiivaa miaka mitatu ni chini ya 5. Sioni malighafi ya ajabu inayoweza kushindana na hesabu hiyo kirahisi. Ndiyo maana raba iliyo mguuni mwako sasa, kama bado inavalika, inaishinda karibu yoyote iliyo dukani, na ya mitumba iliyo imara inafuata.

Kuhusu vyeti, jua kila kimoja kinapima nini. B Corp hupima kampuni nzima, hakipimi pea unayoishika. GOTS ni ya pamba na vitambaa vya kilimo hai. FSC inahusu msitu ulikotoka mpira. Leather Working Group hukagua viwanda vya ngozi. Fairtrade hugusa kipato cha mkulima na mfanyakazi, upande ambao raba za "kijani" husahau mara nyingi. Katika Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 27 Septemba 2026, sheria inakataza kuandika madai ya jumla kama "rafiki kwa mazingira" bila ushahidi unaotambulika. Kwingineko mnunuzi ndiye mkaguzi.

Udogo wa chapa si cheti pia. Zipo kampuni changa zenye nembo ya jani na tovuti tulivu ambazo haziwezi kukuambia viatu vyao vinashonwa wapi. Ninayoiamini mapema ni ile inayotaja viwanda vyake, inayotoa kilo za hewa ukaa kwa kila aina ya kiatu, na inayokiri kilichoishinda. Veja wana ukurasa mzima unaoorodhesha mapungufu yao. Hilo halikifanyi kiatu chao kiwe bora, ila linampa mnunuzi kitu cha kuuliza.

Anayekimbia kwa dhati ana hesabu tofauti. Sponji hulegea, na ushauri wa kawaida ni kubadilisha raba baada ya kilomita 500 hadi 800. Huyu hawezi kuambiwa avae miaka mitatu. Anaweza kuzishusha cheo zikawa za kutembelea. Programu za kukusanya raba kuukuu, kama ile ya Nike iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, huzisaga zikawa chembechembe, hasa za kutandaza viwanjani, kwa hiyo raba huzaa raba kwa nadra. Wapo wanaojaribu kuvunja hilo. Mwaka 2020 kampuni ya On ya Uswisi ilitangaza raba ya kukimbilia yenye plastiki ya mbegu za nyonyo, ambayo mteja hangeimiliki: angelipia kila mwezi, akiichosha angeirudisha, angepewa nyingine. Kwa mpango huo, mzigo wa kiatu kilichochakaa ungebaki kwa aliyekitengeneza.